Bakteria wa ardhi iliyoganda ndani ya joto la Dar

Kuna bakteria anaitwa Psychrobacter arcticus. Watafiti walimtoa kwenye ardhi iliyoganda ya Kolyma, kaskazini mashariki mwa Siberia, katika tabaka lenye umri wa kati ya miaka 20,000 na 30,000. Anakua hata kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukimpandishia joto likavuka nyuzi 28, hakui tena. Sasa chumba ninacholala hapa Sinza, mwezi wa Februari, hata saa tisa ya usiku feni ikiwa inazunguka, hakishuki chini ya nyuzi 28. Kwa hiyo naelewa kabisa watu wanapocheka nikiwatajia kazi yangu.

"Bakteria wa barafu? Hapa hapa Dar?" Mjomba wangu wa Tandika bado hajaikubali. Kila shughuli ya ukoo ananivuta pembeni na kuniuliza kama nimeshapata ajira ya maana.

Sikuipanga. Nilisoma maikrobiolojia Mlimani nikitaka kuishia kwenye mambo ya maji salama na kipindupindu, kitu ambacho jiji hili lina haja nacho kila masika. Ufadhili uliojitokeza ukawa wa Norwei, na profesa aliyekuwa tayari kunipokea alikuwa mtu wa ardhi iliyoganda. Mchagua jembe si mkulima, nikaenda. Nimerudi, nafundisha, na ninayo friza moja, kabati moja la baridi na visanduku vya vichupa. Baadhi ya waliomo humo niliwaotesha mwenyewe. Wengine, akiwemo huyo wa Kolyma, wanatoka DSMZ, benki ya bakteria iliyoko Braunschweig, Ujerumani, ambayo huwahifadhi waliosajiliwa na kuwatuma kwa maabara zinazowahitaji.

Ardhi yenyewe wataalamu huiita pamafrosti. Inaweza kuwa udongo, mchanga au mwamba, sharti lake ni moja: iwe imekaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Chini ya hapo, kimya cha maelfu ya miaka, na sehemu nyingine za Siberia hata milioni. Kutoka huko huko Kolyma alipatikana Exiguobacterium sibiricum, kwenye tabaka la miaka kati ya milioni 2 na 3. Pamafrosti yote ya kaskazini mwa dunia imefungia ndani yake kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 1,500 hivi, karibu mara mbili ya ile iliyo hewani. Ikiyeyuka, bakteria ndio watakaoanza kula mabaki hayo ya mimea na wanyama na kuyatoa kama kaboni dioksidi na methani, gesi zinazoipasha dunia joto. Mtu wa Msasani anayeangalia bahari ikilamba ukuta wake ana sababu ya kuwajali bakteria wa Siberia kuliko anavyodhani.

Lakini hayo ya tabianchi utayasikia kwa wengine, na kwa ufasaha zaidi. Kilichonishika mimi ni swali moja ambalo profesa wangu alikuwa akiliuliza kila nilipomwendea na sahani yenye kitu kilichoota: "Umejuaje kuwa si wako?"

Nililisikia mara ya kwanza Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali. Longyearbyen, mji wake mkubwa, uko nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta, na Dar iko karibu nyuzi 7 kusini. Nyumba zimejengwa juu ya nguzo ili joto la ndani lisiyeyushe ardhi iliyo chini ya msingi. Ukiingia makumbusho, hoteli nyingi, hata chuo, unavua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakija na vumbi lao jeusi. Hicho kilikuwa kitu pekee kilichonifanya nijione nipo kwa watu. Mengine yote yalikuwa mageni: mwenzetu mmoja akitangulia na bunduki kwa ajili ya dubu, jua la mwisho wa Aprili lililogoma kuzama, na baridi iliyoingia kwenye meno nikicheka.

Tulikuwa tunatoboa bondeni. Keekee inazungushwa na injini ndogo ya petroli, na kila ikipandishwa inakuja na gogo la udongo wa kijivu, gumu, lililokatizwa na mistari myembamba ya barafu. Watu hudhani ardhi iliyoganda haina harufu. Ina harufu. Ule udongo wakati fulani ulikuwa chini ya bahari, na ncha ya gogo ikianza kulegea kidogo unapata matope yaliyokosa hewa, ya kukera kabisa. Nikainama kunusa. Profesa akanirudisha nyuma kwa bega. Nilikuwa na barakoa, lakini hilo halikumtosha.

Alikuwa na haki. Kwenye gramu moja ya udongo wa juu wanaweza kuwemo bakteria hadi bilioni. Kwenye ardhi iliyoganda kwa muda mrefu idadi inaweza kushuka mpaka elfu chache, na kati ya hao ni sehemu ndogo tu watakaokubali kuota maabara. Chafya moja, unywele mmoja, tone la maji ya kupozea keekee, na tayari wageni wamewazidi wenyeji. Halafu wageni hawa hawana alama usoni. Wanaota, unafurahi, unaandika.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi haihusu bakteria wa kale hata kidogo. Inahusu kuwazuia wa leo. Kabla ya kutoboa tulipaka kwenye keekee vishanga vidogo sana vinavyong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno. Gogo likifika maabara, unaliweka kwenye chumba chenye baridi, unalikwangua ganda la nje kwa kisu kilichochomwa moto, unakitupa hicho kisu, unachukua kingine, unakwangua tena, mpaka ubaki na kiini. Ukikuta kishanga kimoja kinang'aa kwenye kiini, gogo lote limeharibika kwako, hata kama lilitoka mita kumi chini na mlilipigania siku nzima kwenye upepo. Wapo wanaotumia bakteria wenyewe kama alama. Timu ya Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, kwenye kazi yao iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2011, walipaka nje ya magogo yao E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, aliyewekewa jeni ya kung'aa, kisha wakamtafuta ndani.

Na kuna sahani tupu. Kila tunapopanda udongo kwenye sahani, tunapanda pia sahani ambazo hatuzitii chochote. Nyingine tunaziacha wazi mezani wakati wa kazi, nyingine tunazimwagia maji yale yale tuliyotumia kuchanganya udongo. Zinawekwa kabati moja na zile za kweli, kwa muda ule ule. Wanafunzi wangu hawazipendi, wanaona zinakula nafasi, na agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, ni ghali. Mimi ndizo ninazozitazama kwanza. Zikiota kitu, sina haja ya kufungua zile nyingine. Na ukimkuta kwenye udongo wako Staphylococcus epidermidis, mkaaji wa kawaida wa ngozi ya binadamu, huyo amekuja na mtu.

Swali lile limenifanya niwe msomaji mgumu. Mwaka 2000 Russell Vreeland na wenzake walitangaza kuwa wameotesha bakteria kutoka tone la maji lililofungwa ndani ya fuwele ya chumvi ya New Mexico, Marekani, yenye umri wa miaka milioni 250. Dunia ilishangilia. Mwaka uliofuata wakosoaji wakaonyesha kwamba jeni zake zimefanana mno na za bakteria wanaoishi leo. Kwa muda wote huo zilipaswa kuwa zimeachana mbali. Inawezekana chumvi ni ya kale na aliyemo ni mgeni. Ubishi huo haujaisha, na mimi niko upande wa wakosoaji mpaka nitakapoonyeshwa vingine.

Hata kwetu. Kila nikitoa mada shuleni, mkono wa kwanza kunyooshwa ni wa Kilimanjaro: kwa nini nisiende kutafuta hao bakteria juu mlimani kwetu? Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitoboa barafu ya huko mwaka 2000 na kuandika kwamba ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi. Wapo wanasayansi waliohoji umri huo. Timu hiyo hiyo ilisema kwamba hali ikiendelea vile, barafu yote ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Mabaki bado yapo, ingawa ni kidogo mno ukilinganisha na ramani ya mwaka 1912. Sisemi hivyo kumkejeli mtu. Aliyebeba mitambo ya kutobolea mpaka karibu mita 5,900 ana heshima yangu yote. Nataka mwanafunzi wa kidato cha tano ajue kwamba tarehe kwenye sayansi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuulizwa.

Wanaishije humo ndani? Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Ardhi ikiganda, si maji yote yanayoganda. Kuzunguka kila chembe ya mfinyanzi kunabaki utando mwembamba wa maji yenye chumvi nyingi, na chumvi inayazuia kuwa barafu hata nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Humo ndimo wanamojibanza. Tatizo lao la kwanza ni ngozi yao wenyewe. Utando wa seli umetengenezwa kwa mafuta, na mafuta yakigandamana chakula hakiingii wala taka hazitoki. Kwa hili darasa langu la Dar linaelewa kuliko lilivyoelewa darasa la Ulaya, kwa sababu kila mtu hapa ameshaona chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai: meupe, yameganda, inabidi kuyaanika juani kabla ya kujipaka. Ya alizeti, kwenye kabati lile lile, yanamiminika. Ya nazi yamejaa asidi za mafuta zilizonyooka, zinazopangana vizuri na kushikamana. Za alizeti zina vipindo vinavyozizuia kubanana. Bakteria wa baridi anazo njia za kutia vipindo kwenye mafuta ya utando wake kadiri baridi inavyozidi. Ukimhamishia kwenye joto, anapunguza.

Vimeng'enya vyake navyo vimelegezwa. Kimeng'enya cha bakteria wa tumboni mwetu kikitiwa kwenye nyuzi mbili kinakakamaa na kufanya kazi kwa kusuasua. Cha bakteria wa baridi kina viungo vyepesi, kinapinda kirahisi, kinafanya kazi. Bei ya wepesi huo ni kwamba joto kidogo tu linakivuruga. Udhaifu huo ni mtaji kwa watu wa maabara: kimeng'enya kimoja cha fosfatesi kilichotokana na bakteria wa Antaktika kinauzwa duniani kote kwa sababu ukimaliza kukitumia unakipasha moto dakika chache kinakufa, huhitaji kukisafisha. Vingine vya namna hiyo vimeingia kwenye sabuni za kufulia kwa maji baridi. Hapa kwetu maji ya bomba yakishapita kwenye simtanki mchana hayana ubaridi wa kuzungumzia, kwa hiyo sabuni hizo sijui tuzifanyie nini.

Kuna ubishi mwingine, wa kama hao wa chini wamelala au wanaishi. Bakteria wengi wakibanwa hujigeuza mbegu ngumu, wakasitisha kila kitu. Ungefikiri hiyo ndiyo njia ya kuvuka miaka mingi. Lakini udongo wenyewe una madini yanayotoa mionzi kidogo kidogo, DNA inakatika, na aliyelala hatengenezi kilichokatika. Mwaka 2007 kundi la Eske Willerslev lilichapisha ushahidi kwamba katika sampuli za kale sana, zenye umri wa hadi nusu milioni ya miaka hivi, DNA ndefu iliyobaki nzima ni ya wale wasiojigeuza mbegu, na kwamba bado kulikuwa na dalili za upumuaji hafifu. Waliodumu ni wanaoendelea kula kidogo na kukarabati kidogo. Nilipoisoma makala hiyo niliinuka nikazunguka chumba.

Basi ukiamua kufuga viumbe wa mwendo huo, kalenda yako inakuwa yao. E. coli kwenye mchuzi mzuri hugawanyika kila dakika 20 hivi. Planococcus halocryophilus, aliyepatikana kisiwa cha Ellesmere kaskazini ya mbali ya Kanada na kuelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, hugawanyika mara moja kwa siku 50 akiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Jaribu kuliandika hilo kwenye ripoti ya robo mwaka ya mfadhili. Safu ya "matokeo yaliyofikiwa" unaiachia nini? Mimi huwafuga kwenye nyuzi nne juu ya sifuri, na hata hapo kuona vitone ni suala la wiki. Ukikata tamaa siku ya kumi ukazitupa sahani, umewatupa wale uliowatafuta na kubaki na takwimu za wenye haraka. Nadhani sehemu ya tunachojua kuhusu udongo huu imepindishwa na jambo hilo dogo la nani alivumilia muda gani kabla ya kusafisha kabati.

Lazima niseme pia kwamba wengi wa tunaowaotesha si wapenda baridi wa kweli. Mpenda baridi halisi hustawi kwenye nyuzi 15 au chini, na akivuka 20 hakui. Exiguobacterium yule wa mamilioni ya miaka anaweza kukua karibu na nyuzi 40, angeweza kupanga chumba Manzese. Ni mvumilivu wa baridi, anayesubiri.

Kazi ya Dar sasa. Sahani ikitoka kwenye kabati la nyuzi nne na kukutana na hewa ya jiji hili, inatoka jasho papo hapo. Matone yanajikusanya kwenye kifuniko, yanadondokea agari, na vitone vyako vilivyokaa mbalimbali vinatambaa na kuchanganyika. Huko Norwei sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Hapa tunafungulia sahani ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichotangulia kuwashwa, tunazigeuza kichwa chini, tunazitoa mbili mbili, na mwenye maneno mengi anabaki nje. Machi hadi Mei, unyevu ukiwa umeshika kila kitu, tunafanya kazi za kompyuta.

Umeme ndio mtihani wenyewe. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni mashine yenye kiburi: inataka umeme usioyumba, inataka chumba cha ubaridi, na yenyewe inapuliza joto mgongoni mwake kama jiko. Kwenye jengo moja nililowahi kufanyia kazi, umeme ulikatika mwisho wa juma, jenereta haikupokea, na mlinzi hakuwa na namba ya mtu yeyote wa ghorofa yetu. Jumatatu tulikuta maji sakafuni. Wenzangu walipoteza vimeng'enya vya kununua, vya fedha nyingi, na sampuli zisizorudiwa. Wa kwangu niliwapanda kwa wasiwasi na wakaota karibu wote. Kuganda na kuyeyuka ndiyo maisha yao. Sikushangilia hadharani, maana msiba wa jirani hauchekwi.

Tangu hapo kila aina ya bakteria ninayeijali inakaa majengo mawili tofauti, ikiwa imechanganywa na gliserini, na nakala ya tatu wamekaushwa kwa baridi, hao hawahitaji friza. Namba yangu ya simu imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mlinzi wa sasa, Baba Rehema, nimempa kipimajoto chenye kengele na tukafanya mazoezi. Amewahi kunipigia saa nane usiku: "Mwalimu, hii kitu yako inalia." Nikachukua bodaboda.

Watu wengi hawaniulizi hayo. Wanataka kujua kama barafu ikiyeyuka yatatoka magonjwa ya zamani. Jibu langu huwa la pande mbili. Mwaka 2016, kwenye rasi ya Yamal nchini Urusi, kiangazi kikali kiliyeyusha ardhi zaidi ya kawaida, na kimeta kikalipuka: kilimuua mtoto wa miaka 12 na kulungu wa baridi zaidi ya 2,000. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mbegu zake zilikuwa kwenye mizoga au udongo ulioganda tangu milipuko ya nyuma. Hilo ni kweli na si dogo. Upande wa pili, wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanakijua kimeta bila barafu yoyote, kinakaa kwenye udongo wetu wa kawaida miaka na miaka, na chanjo ya mifugo hupigiwa kampeni halafu husahaulika. Tusiogope cha Siberia tukakikumbatia cha Monduli.

Kuhusu usugu wa dawa, ile kazi ya McMaster niliyoitaja ilitafuta kwenye udongo wa miaka 30,000 wa Yukon na kukuta jeni za kuzishinda dawa za jamii ya penisilini, tetrasaiklini na hata vankomaisini. Miaka 30,000 kabla ya duka la dawa la kwanza! Bakteria na kuvu wamekuwa wakipigana kwa sumu tangu zamani, na silaha zina kinga zake. Mwanafunzi mmoja akaniambia, basi sisi hatuna kosa. Tunalo. Jeni hizo zilikuwepo chache, mahali pao. Anayenunua vidonge viwili vya amoksilini kwa mafua ndiye anayezitafutia watoto.

Siku hizi nusu ya muda wangu uko Feri, kwenye soko la samaki. Ndugu wa bakteria wangu wako pale kwenye masanduku ya barafu. Pseudomonas na Shewanella ndio wanaoongoza kuozesha samaki aliyelazwa kwenye barafu, na wote wanaivumilia baridi vizuri. Jambo lenye faida kwetu ni kwamba samaki wa maji ya joto, akiwekwa barafu mapema, mara nyingi hudumu kuliko wa bahari baridi, kwa sababu bakteria aliokuja nao wamezoea joto; wale wa baridi ni wachache, wanachukua siku kadhaa hadi wiki kushika hatamu. Isipokuwa kama wanamsubiri sandukuni.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja mwenye masanduku ya nguru na changu karibu na mnada. Nilimwamkia, nikajieleza, nikaomba kukwangua kuta za ndani za sanduku lake na kuchukua kikombe cha maji ya barafu iliyoyeyuka.

"Marahaba. Sanduku langu lina nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua, mzee."

"Barafu ya jana naisuuza naitumia tena leo. Wote hapa wanafanya hivyo, barafu ni pesa. Hiyo ndiyo unataka kunikamatia?"

Nikamwambia simkamatii, ila ndilo swali lenyewe. Akafikiri, akafungua kifuniko. Kuta za ndani zilikuwa na nyufa nyembamba, na kwenye nyufa ute wa rangi ya kijivu usiotoka kwa kusuuza. Nikatoa pamba yangu, na kando yake nikafungua sahani tupu nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Mzee akauliza ile ya nini. Nikamweleza: hewa ya hapa nayo ina wadudu wake, nisije nikamsingizia. Akaipenda hiyo. Akamwita kijana wake aje aone sahani isiyotiwa kitu.

Tunachukua sasa kwenye masanduku yanayosafishwa kwa klorini, yanayosuuzwa tu, na yale mapya, kila moja na sahani yake tupu. Mzee ameruhusu kwa sharti la kuletewa majibu kabla ya wengine. Nilimwambia inaweza kuchukua wiki tatu, kwa sababu tunawaotesha kwenye baridi ile ile ya sandukuni. Akaniuliza maabara gani hiyo inayochelewa kuliko samaki kuoza. Nimemuahidi kumletea picha za wiki ya kwanza kwenye simu, na za mwisho zikishatimia, tuziweke mbili pamoja aone wenyewe wa baridi wanavyokuja nyuma.